Muuzaji wa gari za spidi mpime kwa chesi namba, yadi yake achana nayo

Habari za jioni wadau wa gari za spidi, asanteni kunialika kwenye mkusanyiko wenu. Asanteni kwa kuzima injini, maana kwa egzosi mlizofunga humu ndani ningeongea na nani. Kwa wasionijua, mimi kazi yangu ni klearansi, natoa magari bandarini hapa Dar, kwahiyo gari mi huwa naijua kwa makaratasi kabla sijaiona kwa macho, na nadhani ndio sababu nimeitwa mimi na hakuitwa fundi. Mafundi mnao na wengi wanajua injini kuliko mimi. Nilichoombwa niongelee ni huyu jamaa anayetuuzia hizi chuma kutoka nje, Subaru STI, Evo, Altezza, Mark X, Crown Athlete, Golf GTI na ndugu zake, tutamjuaje kama ni mtu wa kweli.

Sasa nianze kwa kuwaudhi kidogo. Watu wengi hapa mnampima muuzaji kwa vitu ambavyo tapeli ndio anavifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Mnaangalia yadi ina taa na kokoto nyeupe, mnaangalia Instagram ana wafuasi wangapi, mnaangalia anaongeaje, ana heshima, anakuita "boss wangu", anaswali, ana picha na msanii fulani amemkabidhi ufunguo wenye utepe. Ndugu zangu, hivyo vyote vinanunulika! Wafuasi wananunuliwa, yadi inapangishwa kwa miezi mitatu, na msanii analipwa kupiga picha. Mtu aliyejipanga kukuliza lazima avae vizuri, hiyo ndio mtaji wake. Wakati huohuo kuna mzee mmoja namjua ana kibanda cha bati na magari manne tu yamejaa vumbi, simu hapokei vizuri, hajui hata kupiga picha, na mi gari ya mdogo wangu ningenunua pale bila wasiwasi.

Kwanini? Kwa sababu ukimwuliza chesi namba, yani ile namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye bodi ya gari, anakupa hapohapo, kabla hata hajakujua jina, na anakwambia kaicheki halafu urudi. Nikiondoka hapa mkibaki na kitu kimoja tu kichwani nitafurahi kibaki hiki: muuzaji mkweli anakurahisishia kuhakiki gari bila yeye kuwepo. Asiye mkweli kila kitu lazima kipitie kwake, fundi wake, mtu wake wa TRA, ajenti wake, karatasi anakuonyesha kwenye simu yake na anazungusha haraka. Yani ukiona kila mlango wa kuhakiki umemkuta yeye amesimama mlangoni, ondoka.

Tuingie kwenye chesi namba basi, maana hapa kwenye gari za spidi ndio pana wizi mtamu kuliko gari za kawaida. Ukinunua IST hakuna mtu atakuuzia IST feki. Lakini hizi zetu jina moja lina magari mawili matatu ndani yake, bei zinapishana sana, na tofauti unaweza kuibandika kwa stika na bampa. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe hazina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 kama za Ulaya, zina kodi ya modeli (code, sio kodi ya TRA), kistari, halafu namba. Ile kodi ndio inasema ukweli. Subaru Impreza ya miaka ile ya 2000 mpaka 2007, kama ni STI sedani itaanza na GDB. Ikianza na GDA hiyo ni WRX, gari nzuri tu, ina tabo, inakimbia, lakini sio STI, hata kama imevalishwa spoila kubwa, rimu za dhahabu na breki za Brembo. Zilizofuata, STI ya manyuo hechibeki ni GRB na sedani ni GVB, na ile ya 2014 kuja mbele ni VAB. Sasa hiyo ya mwisho ina ndugu yake anaitwa WRX S4, chesi VAG, sura ileile kabisa, tofauti ni kwamba S4 ni otomatiki ya CVT na injini nyingine, na nimeziona zinatangazwa "STI otomatiki" mtu wala hashtuki. Jamani, VAB ni manyuo ya gia sita tu, STI otomatiki katika umbo lile hakuna.

Altezza, naona hapo zipo nyingi. RS200 ni SXE10, injini ya 3S-GE, silinda nne, ndio ile watu wanayoitafuta. AS200 ni GXE10, injini ya 1G-FE, silinda sita lakini imetulia. Mtu anabandika beji ya RS nyuma anaongeza milioni mbili, na mnunuaji anaambiwa "hii ina silinda sita kaka, ni kubwa zaidi", anaona kapata! Mark X ya mwisho, GRX130 ni 2.5, GRX133 ndio 3.5. Skyline R34, kama sio BNR34 basi sio GT-R, mwisho wa maneno, ER34 ni GT ya kawaida inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma. Na hapo kwenye GT-R niongeze neno. Marekani wanaruhusu gari isiyotengenezwa kwa viwango vyao iingie ikifikisha miaka 25, na GT-R za R34 za kwanza ni za 1999, kwahiyo kuanzia 2024 Wamarekani nao wamo kwenye mnada wa Japani wanagombea gari ileile unayoitaka wewe na mfuko wa Kariakoo. Hata GDB za mwanzo zimeshaingia kwenye huo mkumbo. Sasa mtu akikwambia anayo GT-R kwa bei ya Harrier, usijiulize kaipataje, jiulize kwanini amekuchagua wewe.

Kuna kesi moja nitaisema bila majina. Mteja alilipia STI kwa ajenti mmoja wa hapa mjini, akapewa picha, kila kitu kizuri, meli imefika akaniletea makaratasi nimtolee. Nafungua eksipoti setifiketi, yani cheti cha kuitoa gari Japani, modeli imeandikwa TA-GDA. Nikamwambia kaka hizo herufi za mbele ya kistari ni mambo ya moshi huko kwao, soma zinazofuata. Akampigia ajenti mbele yangu, na ajenti hata hakubisha, akasema "si zote ni Subaru tu?" Jibu lile lilinifundisha zaidi kuliko ule wizi wenyewe, kwa sababu yule bwana hakuwa na hofu yoyote, alijua gari iko bandarini, stoo charji zinatembea, na mteja hana pa kuirudisha. Ndio maana nasema chesi namba iombwe kabla ya shilingi kutoka. Ikishafika bandarini inabaki habari tu.

Na akikunyima? Sikilizeni sababu zao maana zinafanana. "Chesi namba ni siri ya mteja." "Ukiwa nayo utaenda kuagiza mwenyewe." Hiyo ya pili ina ukweli kidogo kama gari bado iko mnadani Japani, ni kweli mtu anaweza kumzunguka. Basi mlindie nafasi yake, mwandikiane kikaratasi kwamba ukiichukua gari hiyo kwa njia nyingine unamlipa kamisheni. Mkweli atakubali, anachotaka ni kamisheni yake. Lakini gari iko yadini hapa, imesajiliwa, namba ya chesi imegongwa kwenye bodi yenyewe, inakuwaje siri?

Haya, karatasi. Kuna mbili za kutoka Japani ambazo mnunuaji wa gari ya spidi hana ruhusa ya kutokuziona. Ya kwanza ni hiyo eksipoti setifiketi, inatolewa gari inapofutwa usajili ili isafirishwe. Ina chesi, ina modeli, ina mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, na ina kilomita zilizosomwa gari ilipokaguliwa. Ukaguzi wa Japani sio wa kubabaisha, gari mpya binafsi inakaguliwa ikifika miaka mitatu kisha kila miaka miwili, kwahiyo kilomita zinaacha alama njiani. Kama setifiketi inasema 134,000 na dashibodi inasema 68,000, usibishane na mtu, funga mlango uondoke. Na usichanganye mwaka wa usajili na mwaka wa kutengenezwa. Gari inaweza kutengenezwa mwisho wa mwaka ikasajiliwa mwaka unaofuata, muuzaji anakutangazia ule mpya kwa sababu unasikika vizuri, halafu kodi inakuja na umri mwingine. Miaka yenyewe pia wanaiandika kwa hesabu ya mfalme wao, ukiona H17 jumlisha 1988 unapata 2005, na ikiwa R jumlisha 2018.

Ya pili ni oksheni shiti, karatasi ya ukaguzi ya mnadani. Hii ndio inapendwa kuchakachuliwa. Mkaguzi wa mnada anaipa gari gredi, 5 na 4.5 ni safi, 4 nzuri, 3.5 imechoka kidogo, 3 imechoka kweli, halafu kuna R au RA maana yake iliwahi kugongwa ikakarabatiwa sehemu za kiunzi, reli za chesi, nguzo, sakafu, vitu vinavyobeba gari. Kuna mchoro wa gari na vialama, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa ikapigwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa. Na mnada mwingine gredi 1 inaweza kumaanisha gari imebadilishwa sana, injini au gia boksi sio ya kwake, sio lazima iwe takataka. Ndio maana kwenye hizi chuma zetu namba tu haitoshi, soma maandishi ya chini, tafuta mtu wa kukutafsiria hata kwa simu.

Hapa nataka nitofautiane na wengi. Watu wanasema usinunue kwa mtu anayeuza gari za gredi R. Mi nasema hapana! Magari ya spidi yanagongwa, ndio maisha yake, vijana wa Japani nao wana miguu mizito kama nyie. STI nyingi zinazofika huku kwa bei tunayoweza ni R, na R nyingine ni kona ya nyuma tu ilinyooshwa vizuri na gari inatembea imenyooka. Anayeuza R akakuandikia ni R, akakuonyesha wapi palipigwa, akakushushia bei inavyostahili, huyo ndio mtu wangu. Mwogopeni yule ambaye yadi nzima ni 4.5, zote, kuanzia ya 1999 mpaka ya 2015. Hiyo haiwezekani. Shiti ina tarehe ya mnada, jina la mnada, namba ya loti na chesi, na kuna huduma za kulipia mtandaoni zinazotafuta rekodi ya mnada kwa chesi namba, hela yenyewe ni ya full tanki moja au chini ya hapo. Lipia mwenyewe. Ukipata shiti yake halisi uilinganishe na ile aliyokutumia kwa WhatsApp, na kama zinapishana hata alama moja basi umemaliza kazi, huna haja ya kujua nani aliyefuta.

Kwa wale wa Golf na Audi na BMW zinazotoka Uingereza kazi ni rahisi mno na nashangaa watu hawaifanyi. Ukiwa na namba ya usajili ya kule, historia yote ya ukaguzi wao wa MOT iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao bure kabisa, mwaka kwa mwaka, kilomita zao ni maili, ilifeli nini, kutu iko wapi. Kutu ndio ugonjwa wake mkubwa maana barabara zao wanamwaga chumvi kipindi cha baridi, kwahiyo gari inang'aa juu na chini imeliwa. Gari ambayo bima ya kule iliifuta kwa kuharibika, ikiwa Category S maana yake kiunzi kiliumia, N haikuumia kiunzi, alama hizo zimeanza 2017, kabla ya hapo zilikuwa C na D. Muuzaji wa gari ya Uingereza anayekwambia namba ya kule ilishapotea, mh.

Sasa hela, maana hapa ndio mnalegea.

Kuna bei ambazo haziwezekani na unaweza kuzijua ukiwa umekaa nyumbani na kalkuleta. Tuseme STI ya zaidi ya miaka 10, CIF, yani mpaka inashuka Dar, ni milioni 20, natoa mfano. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni milioni 5, jumla 25. Ekisaizi ya injini iliyozidi cc 1000 mpaka 2000 ni asilimia 5, na EJ207, injini ya hiyo STI, ni cc 1994 kwahiyo imo humo, milioni 1.25. Halafu ile ya uchakavu, miaka 8 mpaka 10 ni asilimia 15 na zaidi ya 10 ni asilimia 30, yetu inakula milioni 7.5. Tumefika 33.75, weka VAT ya 18 juu yake, inakuwa karibu milioni 40. Bado hatujagusa tozo ndogondogo, reli, bandari, kampuni ya meli, usajili na sisi watu wa klearansi ambao mnatuona wezi. Viwango vinaweza kuguswa kila bajeti kwahiyo msininukuu, ingieni kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni mjaze modeli na mwaka, na mjue kwamba TRA wana thamani yao kwenye mfumo, invoisi yako ya bei chee haiwatishi. Lakini mnaona hesabu inavyokwenda, gari inakuwa mara mbili. Sasa mtu anakuuzia gari ya aina hiyo, haijatumika Bongo, namba E, kwa milioni 27 na anasema amepata faida. Faida kutoka wapi?

Majibu ni machache na yote mabaya. Inaweza kuwa gari ya IT, yani ilishushwa hapa ikiwa safarini kwenda Zambia au Kongo, ikapotelea mjini bila kulipiwa. Inaweza kuwa ya Zanzibar yenye namba Z ambayo tofauti ya kodi ya kuivusha haijalipwa. Inaweza kuwa iliingia kwa msamaha wa kodi, ile hadithi ya "ilikuwa ya mzungu wa ubalozi", na aliyesamehewa sio wewe. Au ni ya mkopo, kadi iko kabatini kwa mkopeshaji na jamaa anakuonyesha ripoti ya polisi kwamba kadi imepotea. Hiyo ya mwisho imekuwa nyingi sana siku hizi. Kadi imepotea? Sawa, vitu vinapotea, basi mwenye gari aitoe mpya kwanza kwa jina lake ndio tuongee. Na jina kwenye kadi lisome, kama ni la mtu wa tatu mtafutwe huyo wa tatu, awe kwenye mkataba na aje mwenyewe, sio "tuko naye kwa simu". Ukilipa, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA. Mwenye yadi asiyetaka kukupa risiti ya EFD kwa gari ya milioni 40 amekwambia mwenyewe yeye ni nani.

Kuhusu kuagiza moja kwa moja Japani, msiogope, wengi kule ni watu wa kazi, ila na wao wana vivuli vyao. Kampuni halisi ya Japani ina namba ya kampuni ya tarakimu 13 inayotafutwa bure kwenye tovuti ya mamlaka yao ya kodi, na mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika lazima awe na leseni inayoitwa kobutsu, ina namba ya tarakimu 12. Waombe zote mbili. Jina la akaunti ya benki liwe jina la kampuni, herufi kwa herufi, sio jina la mtu, na benki iwe huko huko kampuni iliko. Na ikitokea katikati ya mazungumzo imeingia imeili inasema "akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, tumia hii nyingine", acha kila kitu, chukua namba ya simu kutoka kwenye tovuti yao yenyewe, sio kwenye hiyo imeili, upige. Hapo mara nyingi muuzaji hana kosa, imeili imedukuliwa, lakini hela ikishakwenda imekwenda.

Ndugu zetu wa Kenya nimewaona hapo na namba zenu, karibuni. Nyie kwenu gari iliyozidi miaka 8 haiingii, kwahiyo akitokea mtu Nairobi anakuahidi atakuingizia Evo IX kutoka Japani leo, gari ambayo iliisha kutengenezwa 2007, hapo hata chesi namba hakuna haja ya kuomba.

Nimeongea makaratasi tu mpaka mmechoka, tuje kwenye gari yenyewe kidogo. Muuzaji anayejua anachouza utamjua kwa mambo ambayo hujamwuliza. Mimi nilimpenda mmoja kwa sababu kabla mteja hajafungua mdomo alimwambia hii gari ilipigwa ramani, yani kompyuta ya injini ilipangwa upya, huko Japani kwa petroli yao ya RON 100, yani ya oktani ya juu, huku kwetu petroli haifiki hapo, ukiendesha hivihivi na busti hii injini itagonga na utavunja pistoni, bajeti ya kurudisha ramani uiweke pembeni. Huyo amejiharibia bei mwenyewe! Mwingine ukimwuliza imefungwa nini anakwambia "iko full, we weka mafuta tu uondoke". Gari ya tabo iliyochezewa haijawahi kuwa ya kuweka mafuta tu. Muulize imebadilishwa mkanda wa taimingi lini, injini za EJ za Subaru zinataka mkanda kila kilomita laki moja na Wajapani wakibadilisha wanabandika stika yenye tarehe na kilomita chini ya boneti, mwache akutafutie ile stika. Ukienda kuiona fika mapema kuliko mlivyopatana, uguse boneti. Kama ya moto maana yake ameshaiwasha ili usisikie inavyoamka asubuhi. Omba kupima kompresheni silinda zote, omba mashine ya dayagnosisi, na kama mashine inaonyesha kumbukumbu zimefutwa jana, kulikuwa na taa imewaka juzi.

Ila tuwe na haki jamani. Asipokupa ufunguo ukajaribu mwenyewe usimwite tapeli. Gari ya farasi 300 na mtu aliyemjua dakika kumi zilizopita, hata mimi nisingempa. Aendeshe yeye ukae pembeni, apite njia mbovu, kisha akanyage kidogo palipo wazi. Akikataa kupima kompresheni hapo ndio kuna neno, kwa sababu kile kipimo hakiharibu kitu, kinachukua muda tu na unalipia wewe.

Fundi unayempeleka awe wako. Na hata huyo wako muulize wazi kama analipwa kitu na yadi, maana kuna mafundi wanakula pande mbili, wewe unampa elfu hamsini ya ukaguzi na mwenye yadi anampa laki tatu gari ikitoka. Mimi ningechukua fundi wa mtaa mwingine kabisa. Na wale "wateja wangu waulize" anaokupa namba zao, waache, hao ni watu wake. Watafuteni wateja ambao hakuwachagua yeye, humu humu kwenye mkusanyiko wetu waulizeni gari hii ulinunua wapi, ilipokuja kusumbua mwezi wa pili alipokea simu? Gari kusumbua haimaanishi muuzaji ni mwizi, hizi ni gari za miaka 20. Alipokea simu au hakupokea, hapo ndipo penyewe.

Naona kijana nyuma pale ameshika mkono muda mrefu. Sema mdogo wangu. Anauliza, ajenti anataka nusu ya hela kabla hata gari haijapatikana mnadani, ni kawaida? Swali zuri. Dipoziti ni kawaida, hata Japani wenyewe wanataka dipoziti ili wakubidie, maana ukishinda mnadani na ukakimbia wao ndio wanapigwa faini. Nusu ya gari sio dipoziti. Ningetoa kiasi ambacho kikipotea nitaumia lakini nitaendelea kula, kwenye akaunti ya kampuni yenye usajili wa BRELA, wale wanaosajili makampuni, ambao umeutafuta mwenyewe, na mkataba uandike mambo haya kwa maneno: modeli kwa kodi yake ya chesi, gredi ya chini unayokubali, kilomita za juu unazokubali, mwisho wa bei ya kubidi, na siku ambayo dipoziti inarudi kama gari haijapatikana. Salio unalipa baada ya kuona shiti na chesi namba ya gari iliyoshinda, kabla haijapanda meli. Bili ya ladingi, ile hati ya mzigo ya meli, itoke kwa jina lako wewe, sio la ajenti, kwa sababu hapa bandarini sisi tunamjua aliyeandikwa pale.

Akikwambia yeye hafanyi kazi kwa mikataba, anafanya kwa kuaminiana, mshukuru, mpe mkono, kisha njoo uniulize namba ya yule mzee wa kibanda cha bati. Haya, mwingine, dada wa Golf nyeupe.